MID au MOD? Njia za kutenganisha tarakimu kila moja kwenye safu yake, na ipi imfae nani

Makarani wa vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku mkoani Tabora, iwe Urambo, Kaliua au Sikonge, wanaijua vizuri fomu yenye visanduku. Kila tarakimu ina kisanduku chake: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, akaunti ya benki, kiasi cha fedha. Orodha ya wanachama tayari imo kwenye kompyuta, ila kila namba imekaa nzima ndani ya seli moja. Kuiandika upya tarakimu moja moja kwa chama kizima ni kazi ya kuumiza macho, na makosa yake anayalipia mkulima, kwa malipo yanayochelewa au yanayoingia akaunti isiyo yake.

Lahajedwali, yaani programu kama Excel, inaifanya kazi hiyo kwa fomula moja inayoburutwa kulia na chini. Tatizo ni kwamba fomula zenyewe ni nyingi, zote zinaonekana kufanya kitu kilekile, na ukijaribu kwa namba moja fupi zote zinakupa jibu sahihi. Tofauti hujitokeza kwenye namba ya mia na kitu huko chini ambako hakuna anayetazama.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua fomula, jiulize kwanza: namba hii ni kiasi, au ni utambulisho? Kilo, shilingi na idadi ya marobota ni kiasi. Unazijumlisha, na sifuri ya mbele haina maana yoyote. NIDA, simu na akaunti ni utambulisho. Hakuna anayejumlisha namba za simu za watu wawili, na sifuri ya mbele ikidondoka, namba hiyo haimpati mtu tena. Karibu kila kosa nililoona katika kazi hii limetokana na kutumia dawa ya kundi moja kwa kundi la pili.

MID: namba kama maandishi

MID inaitazama namba kama mfululizo wa herufi. Unaiambia seli ipi, ianzie nafasi ya ngapi, ichukue herufi ngapi. Tuseme namba iko A2 na tarakimu zianzie safu ya B:

`=MID($A2,COLUMNS($B2:B2),1)`

Sehemu ya COLUMNS inahesabu safu kuanzia B hadi pale ulipo. Alama ya dola inashikilia mwanzo usisogee, hivyo ukiburuta kulia unapata 1, kisha 2, kisha 3. Wengi hufundishwa kuandika COLUMN(A1) badala yake. Inafanya kazi, lakini siku mwenzako akiingiza safu mpya upande wa kushoto, tuseme ya jina la kijiji, COLUMN(A1) inageuka kuwa COLUMN(B1), hesabu inaanzia 2, na tarakimu ya kwanza inapotea kwenye orodha nzima. COLUMNS yenye dola haiyumbi. Ni herufi chache zaidi za kuandika, na ninazipendekeza bila kusita. Kompyuta yako ikikataa mkato ndani ya fomula, weka nukta mkato. Hilo linategemea mpangilio wa eneo uliowekwa kwenye mashine.

Kinachotoka kwenye MID ni maandishi hata kama macho yanaona 7. Utaligundua kwa kuwa linaegemea kushoto mwa seli, na SUM ya tarakimu hizo itakupa 0. Kwa fomu ya kuchapishwa hilo si tatizo, liache hivyo. Ukitaka kuzijumlisha, tanguliza vistari viwili:

`=IFERROR(--MID($A2,COLUMNS($B2:B2),1),"")`

IFERROR iko pale kwa sababu namba ikiisha kabla ya safu kuisha, vistari hivyo vinajaribu kugeuza seli tupu kuwa namba na unajaziwa alama ya kosa, #VALUE!.

MOD na INT: namba kama hesabu

Njia ya pili ni ile aliyotufundisha mwalimu wa shule ya msingi bila kompyuta: thamani ya nafasi. Weka kwenye mstari wa kwanza, kuanzia B1 hadi H1, thamani 1000000, 100000, 10000, 1000, 100, 10 na 1. Kisha:

`=MOD(INT($A2/B$1),10)`

Unagawanya kwa thamani ya safu, unatupa desimali, unachukua baki ya kumi. Kwa 1,847,250 safu ya maelfu inagawanya kwa 1,000, inapata 1,847, baki ya kumi ni 7. Jibu ni namba halisi, linajumlishika papo hapo.

Kwa mwalimu wa hisabati hii ndiyo njia ya kuchagua, na haina mshindani. Badala ya darasa kuangalia fomula ikikata herufi, linaona kwa nini 7 inakaa chini ya maelfu. Unaweza pia kuonyesha kanuni ya kugawanyika kwa 9: jumlisha tarakimu za 1,847,250, unapata 27, na 27 inagawanyika kwa 9, basi namba nzima inagawanyika. Badilisha namba kwenye A2, wanafunzi watoe jibu kabla ya kompyuta.

Kwa karani ina kasoro moja ya sura: inajaza sifuri mbele. 96,400 inatoka 0 0 9 6 4 0 0. Zinaondoka hivi:

`=IF($A2<B$1,"",MOD(INT($A2/B$1),10))`

Kasoro ya pili si ya sura.

Pale zinapoachana: visanduku vikipungua

Fomu ina visanduku saba vya kiasi. Msimu wote wakulima wanalipwa chini ya milioni kumi. Kisha anakuja mwenye shamba kubwa, anastahili 12,500,000. Tazama kila fomula inavyofanya (alama _ ni kisanduku kitupu, na MID na REPT naieleza chini ya jedwali):

| Fomula | 1847250 | 96400 | 12500000 |
|---|---|---|---|
| MID peke yake | 1 8 4 7 2 5 0 | 9 6 4 0 0 _ _ | 1 2 5 0 0 0 0 |
| MOD na INT | 1 8 4 7 2 5 0 | 0 0 9 6 4 0 0 | 2 5 0 0 0 0 0 |
| MID na REPT | 1 8 4 7 2 5 0 | _ _ 9 6 4 0 0 | #VALUE! |

MOD imemeza milioni kumi na kubakiza milioni mbili na nusu, bila onyo. MID ya kawaida imekata sifuri ya mwisho, ikasomeka milioni moja na robo. Zote mbili zimetoa fomu nadhifu yenye kiasi cha uongo, na fomu nadhifu ndiyo inayopita bila kuulizwa. Tena ona 96,400 kwenye mstari wa kwanza wa jedwali: MID imeibana kushoto, na visanduku viwili vya mwisho viko wazi. Mtu mwenye kalamu akiongeza sifuri mbili hapo, kiasi kimekuwa 9,640,000.

Ndiyo maana kwa fedha zinazokwenda kwenye karatasi nachagua ya tatu:

`=MID(REPT(" ",7-LEN($A2))&$A2,COLUMNS($B2:B2),1)`

REPT inatanguliza nafasi tupu za kutosha ili namba iegemee kulia, mamoja yakae kisanduku cha mwisho. Namba ikizidi tarakimu saba, REPT inaombwa kurudia nafasi mara hasi moja, haiwezi, na mstari mzima unajaa alama ya kosa. Kosa linalopiga kelele ni rafiki wa karani. Usilifunike na IFERROR.

Kama una sababu ya kubaki na MOD, ongeza safu moja pembeni ya kuhakiki:

`=SUMPRODUCT(B2:H2,B$1:H$1)=$A2`

Inarudisha tarakimu kwenye thamani zake, inazijumlisha na kulinganisha na namba ya asili. Penye FALSE, simama.

Kuna mtego mwingine unaowahusu watu wa tumbaku kuliko wengine. Bei za tumbaku hupangwa kwa dola za Marekani, kwa hiyo kiasi cha shilingi hutokana na kilo mara bei mara kiwango cha kubadilisha fedha. Matokeo hayo yana desimali hata kama umeiamuru seli isizionyeshe. Seli inaonyesha 96,401 huku ndani ikiwa na 96400.7. MID inasoma cha ndani, na nukta nayo inachukua kisanduku chake. MOD na INT zinatupa .7 na kuandika 96,400, shilingi moja pungufu ya kile kilichoonyeshwa kwenye orodha ambayo mkulima ameisaini. Tibu chanzo: funga hesabu yenyewe kwa ROUND(…,0), inayoikamilisha hadi shilingi nzima, kwenye safu ya kiasi, ndipo utenganishe tarakimu. Mkato unaotenga maelfu hauna shida, huo ni pambo la mwonekano tu na MID haiuoni.

NIDA: hapa MOD haina nafasi kabisa

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Excel, kama ndugu zake Google Sheets na LibreOffice Calc, inashika tarakimu 15 tu za namba. Kuanzia ya 16 inaweka sifuri. Jaribu mwenyewe: andika 12345678901234567890 kwenye seli ya kawaida, bonyeza Enter, kisha tazama kwenye upau wa fomula juu. Katika Excel utaona 12345678901234500000. Tarakimu tano za mwisho zimeondoka, na hata ukibadilisha seli kuwa ya maandishi baada ya hapo hazirudi, kwa sababu hazipo popote kwenye faili.

Kinga yake ni kuiweka safu iwe ya maandishi, ile inayoitwa Text kwenye menyu, kabla ya kuingiza namba ya kwanza. Au andika NIDA na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho. Vistari vyenyewe vinailazimisha programu kuitunza kama maandishi. Halafu wakati wa kutenganisha viondoe ndani ya fomula:

`=MID(SUBSTITUTE($A2,"-",""),COLUMNS($B2:B2),1)`

Hii inapokea zenye vistari na zisizo navyo, jambo la msaada kwa orodha iliyoandikwa na mikono mitatu tofauti.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye faili za CSV, yaani orodha za maandishi matupu yanayotenganishwa kwa mkato, zinazoletwa kutoka mfumo mwingine. Ukilibofya faili mara mbili, Excel inalifungua na kugeuza kila kinachofanana na namba kuwa namba, na NIDA zisizo na vistari zinaharibika kabla hujagusa kitu. Ukihifadhi hapo, umeandika uharibifu juu ya nakala nzuri. Katika Excel pitia menyu ya Data, ulete faili kwa From Text/CSV, na uitangaze safu ya NIDA kuwa maandishi. Katika hili LibreOffice Calc naiona bora kwa karani: ukifungua CSV inakuletea kwanza dirisha la kuuliza kila safu ichukuliweje, hata kama hukuiomba.

Namba ya simu ina nafuu kidogo kwa kuwa kinachopotea kinajulikana. Tarakimu kumi zinabaki tisa, sifuri ya mbele haipo. Wengine wameandika kwa 255, wengine kwa +255. Tisa za mwisho ndizo zisizobadilika, basi zishike hizo na uirudishe sifuri mwenyewe:

`=MID("0"&RIGHT($A2,9),COLUMNS($B2:B2),1)`

Hakikisha tu hakuna nafasi katikati ya namba.

Tarehe ya kuzaliwa inahitaji neno moja. Ukitumia MID moja kwa moja kwenye seli ya tarehe 15/06/1987 utapata 3, 1, 9, 4, 3, kwa sababu Excel inatunza tarehe kama idadi ya siku tangu mwanzo wa 1900. Igeuze kwanza: `=MID(TEXT($A2,"ddmmyyyy"),COLUMNS($B2:B2),1)`.

Njia zisizo na fomula

Text to Columns, iliyoko menyu ya Data, ina chaguo la Fixed width: unabofya kwenye rula kila mahali unapotaka kukata. Inafaa kwa orodha ya mara moja yenye namba za urefu uleule, kama akaunti za benki moja. Lakini ukisahihisha namba ya asili, tarakimu zilizokatwa hazijui habari hiyo. Google Sheets nayo ina amri inayofanana kwa jina, ila inakata penye kitenganishi tu, mfano mkato au nafasi, hivyo haiwezi kukata namba iliyoshikana.

Flash Fill, ile ya Ctrl+E iliyokuja na Excel 2013, inabahatisha mtindo kutokana na mifano yako. Kwa majina ni nzuri. Kwa tarakimu siipendekezi hata kidogo. Ukiipa 4477 na kuandika 4 kwenye safu ya pili, haina namna ya kujua umemaanisha 4 ya kwanza au ya pili, na ikikosea inakosea kwa safu nzima ikiwa na uso mkavu.

Power Query, kwa mwenye Excel 2016 na kuendelea, inakata kwa idadi ya herufi na kukumbuka hatua zako. Kwa anayepokea faili lilelile kila wiki msimu wa masoko, inastahili muda wa kujifunza. Kwa orodha moja ni mzigo.

Kama programu yako ni mpya

Excel 2021 na Microsoft 365 zina SEQUENCE, na fomula moja ndani ya seli moja inamwaga tarakimu zote kulia bila kuburuta:

`=MID(A2,SEQUENCE(1,LEN(A2)),1)`

Google Sheets inaikubali ukiizungushia ARRAYFORMULA, na LibreOffice imeipata kuanzia toleo la 24.8, ambako unaifunga kwa Ctrl+Shift+Enter. Kwa anayefanya kazi kwenye simu, ambako kuburuta kwa kidole ni taabu, huu ni msaada wa kweli. Google Sheets ina nyingine inayotoa namba halisi badala ya maandishi:

`=SPLIT(REGEXREPLACE(A2&"","(.)","$1,"),",")`

Inapachika mkato baada ya kila tarakimu, kisha inakata penye mkato. Ni fupi, lakini haisomeki kwa asiyeijua, na chama kikibadilisha karani, anayerithi faili hilo ataogopa kuligusa. Hata SEQUENCE naiweka pembeni kwa kazi ya chama kwa sababu ya kawaida kabisa: laptopu ya ofisi ina Excel ya zamani, ya mhasibu ina mpya, na faili linazunguka kati yao kwa flashi. Fomula ya MID na COLUMNS inafunguka popote, kwenye Excel ya zamani, kwenye Calc ya bure, na kwenye simu. Kwa faili linalopita mikono mingi, naipa uzito sifa hiyo kuliko ufupi.

Ukishazipata tarakimu na unataka kuchapa juu ya fomu iliyokwisha kuchapwa, chagua mwandiko ambao herufi zake zina upana sawa, kama Courier New, weka tarakimu katikati ya seli, na upime kwa rula upana wa kisanduku kimoja kabla ya kupanga upana wa safu. Kwenye dirisha la kuchapa weka ukubwa 100%, usiruhusu programu ikaze ukurasa utoshee, maana hapo ndipo kisanduku cha saba kinaposogea hadi cha sita. Chapa mstari mmoja kwenye karatasi nyeupe, ulaze juu ya fomu, uinue vyote viwili kwenye mwanga wa dirisha. Tarakimu ya mwisho ikiwa ndani ya kisanduku chake, weka fomu halisi kwenye printa.